Rafiki yako anajua unachokiogopa?



Leo ni Dominika ya 23 ya Mwaka A, na katika makanisa yetu Katoliki tumesoma Injili ya Mathayo sura ya 18, kuanzia aya ya 15. Yesu anasema ndugu yako akikukosea, umwendee, mzungumze ninyi wawili peke yenu. Akikataa kusikia, urudi na mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, hapo ndipo Kanisa zima lielezwe. Huo ndio utaratibu: kwanza mmoja, halafu wachache, mwisho wote.

Sisi tumeugeuza. Tunaanza na wote. Mwenzetu akikosea, wa kwanza kuambiwa ni jirani, wa pili ni kundi la WhatsApp, wa tatu ni katekista, wa nne ni padre. Mhusika mwenyewe anapata habari wiki ya tatu, akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, tena kutoka kwa mtu ambaye hata hawajuani vizuri.

Nimetumikia pande zote mbili za Mto Mara, upande wa Tarime na upande wa Serengeti. Watu wa huku hawajulikani kwa kuogopa kusema. Mkurya akikasirika utajua mwenyewe, huhitaji mkalimani. Pita sokoni Sirari au mnadani Mugumu, utadhani watu wanagombana, kumbe wanasalimiana. Lakini kusema kwa sauti ni jambo moja, na kusema la moyoni ni jambo jingine kabisa. Mtu anaweza kupaza sauti miaka hamsini bila kumwambia mtu hata mmoja kile anachokiogopa.

Ndiyo maana leo naomba tuzungumze habari za urafiki. Sizungumzii urafiki wa kukopeshana debe la mahindi na kusindikizana misibani, ingawa huo nao ni wa maana na Mungu atuzidishie. Nazungumzia ule ambao Yesu anautaja katika Yohana 15, usiku wa kuamkia mateso yake, anapowaambia wanafunzi kwamba hawaiti tena watumwa, sasa ni rafiki zake. Angalia sababu anayoitoa. Hasemi ni rafiki kwa kuwa wametembea naye miaka mitatu, wala kwa kuwa wamekula naye. Anasema ni kwa kuwa amewajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba yake. Aliwafunulia moyo. Kwa kipimo hicho, ndugu msomaji, wewe una marafiki wangapi?

Mahali pa kuanzia tunapo. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zina historia hapa Mara. Katikati ya miaka ya 1960, huko Nyarombo, eneo ambalo leo liko wilaya ya Rorya lakini wakati ule likihesabiwa Mara Kaskazini pamoja na Tarime, waamini Wajaluo walianza kukutana katika vikundi vidogo vya majirani. Hiyo ni kabla maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya AMECEA ya 1973 na 1976, hawajazifanya Jumuiya kuwa kipaumbele cha uchungaji. Wazo lilikuwa rahisi: Kanisa liwe dogo kiasi kwamba mtu akikosekana ajulikane, na akiumia aonekane.

Leo nikizitembelea Jumuiya nakuta Injili imechukua dakika tano, tafakari dakika tatu, na mchango wa bati za kigango dakika hamsini. Siwalaumu, bati hazijinunui. Lakini watu wanaondoka wakijua nani anadaiwa elfu mbili, na hawajui nani hakulala usiku.

Niwasimulie jambo. Wahusika wameniruhusu, mradi nisitaje majina wala kijiji.

Ni wanawake wawili wa Jumuiya moja, huko milimani upande wa Tarime. Wako WAWATA pamoja, wanaimba kwaya moja, na mmoja ni msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake. Wanapalilia pamoja, na mgonjwa wa huyu ni mgonjwa wa yule. Ukiwauliza wanakijiji ni nani marafiki wa kweli hapa, wangewataja hao kabla hujamaliza swali. Kila mmoja ana mabinti wawili. Msimu wa ukeketaji ulipofika, mabinti wakubwa walipelekwa, wote wawili, asubuhi moja. Mama zao walipika, wakapiga vigelegele, wakapokea wageni.

Miaka miwili ikapita, habari za msimu mwingine zikaanza kunong'onwa. Jioni moja wanawake hao walikuwa wanapukuchua mahindi nyumbani kwa mmoja wao, mvua inanyesha nje. Mwenye nyumba akasema, bila kumtazama mwenzake, "Huyu mdogo mimi simpeleki."

Mwenzake akanyamaza. Mahindi yakaendelea kuanguka kwenye karai. Halafu akauliza, "Umeamua lini?"

"Tangu yule mkubwa. Damu haikukatika mchana kutwa. Nilikuwa nacheza na wageni huku nje, roho iko ndani kwa mtoto."

Hapo mwenzake akaanza kulia. Alipoweza kusema, akasema, "Na mimi hivyo hivyo. Wangu nilimpeleka kwa sababu wewe ulikuwa unampeleka wako. Niliogopa utanicheka."

Yule wa kwanza akashika kichwa. Yeye naye alikuwa amempeleka wake akiogopa kuchekwa na huyu.

Tafadhali usilipite jambo hili haraka. Hawa ni wanawake waliokuwa wanajua kila kitu kuhusu nyumba zao: chumvi ikiisha, mume akirudi amelewa, ng'ombe akiharibu mimba. Wamepokea Ekaristi benchi moja miaka na miaka. Wasichana wawili walikeketwa, na mama zao wote wawili walikuwa hawataki. Kila mmoja alikuwa anaogopa kicheko cha rafiki yake, na kicheko hicho hakikuwapo. Kilikuwa ndani ya kichwa chake tu.

Tangu nisikie habari hiyo najiuliza ni nyumba ngapi ziko hivyo. Sheria ipo. Tangu 1998, kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni jinai katika nchi hii, na kifungo chake ni kuanzia miaka 5 hadi 15. Semina zipo, mabango yapo, na mahubiri yangu yapo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni 10 katika kila 100. Ule wa 2022 ulikuta Mara wamefika 28. Tunashuka, lakini polepole. Sina ugomvi na semina, ila semina haiingii kwenye chumba cha kupukuchulia mahindi. Anayeingia humo ni rafiki.

Bibi Rhobi Samwelly, ambaye anaongoza shirika lenye nyumba salama ya wasichana mjini Mugumu, wilayani Serengeti, amesimulia hadharani kwamba rafiki yake wa utotoni alikufa kwa kukeketwa, na kwamba hata baada ya kifo hicho yeye naye alikeketwa, akavuja damu nusura afe. Kifo cha mtoto kilikuwa kimetokea, watu wamekiona, na bado jambo likaendelea. Hebu jiulize watu wazima wa mahali hapo walikuwa wanazungumza nini jioni baada ya maziko. Bila shaka walizungumza mengi. Lile moja halikuzungumzwa, au lilizungumzwa na mtu mmoja mmoja gizani, kila mtu na mto wake.

Upande wa Tarime tuna kituo cha Masanga, ambako tangu 2008 wasichana wamekuwa wakipokelewa nyakati za msimu. Wengine hufika usiku, kwa miguu, hawana hata kandambili. Ninapowaona wale watoto, kuna hesabu ambayo huwa naifanya moyoni. Kutoka kwao mpaka pale, mtoto huyu amepita nyumba ngapi za Wakristo? Amepita nyumba ngapi za marafiki wa mama yake? Kwa nini ameona ni salama zaidi kubisha hodi kwa watu asiowajua?

Somo la kwanza la leo linatoka Ezekieli 33. Nabii anafanywa mlinzi wa nyumba ya Israeli. Akiiona hatari asipige kelele, damu ya mwenzake itadaiwa mkononi mwake. Sisi watu wa ng'ombe tunalielewa somo hili kuliko wasomaji wengi wa Biblia. Yowe la wizi likipigwa saa nane usiku, hakuna anayeuliza ni ng'ombe wa ukoo gani. Vijana wanatoka na mikuki, wazee wanatoka na tochi, hata mwenye homa anachungulia mlangoni. Kwa ng'ombe tunaamka. Msichana anaposindikizwa alfajiri kwa nyimbo, mlinzi anageukia ukutani na kujifunika blanketi.

Hapa naona baadhi yenu mmeanza kunitilia shaka. Mnasema padre anataka kila Mkristo awe askari wa mwenzake, aende akimkemea kila anayemwona. Hapana. Watu wanaopenda kukemea ndio wabaya zaidi katika kazi hii, na kila parokia inao wawili watatu. Kukemea si kuzungumza. Anayekemea hana swali la kuuliza, na rafiki huanza na swali.

Yoshua bin Sira, sura ya 19, ana mashauri mazuri sana kwa jambo hili. (Ndugu zangu wa madhehebu mengine, kitabu hiki pengine hamnacho kwenye Biblia zenu, kiazimeni kwa jirani Mkatoliki, naye afurahi kuona mtu anakisoma.) Anashauri umuulize rafiki yako, maana huenda hakulitenda jambo hilo, na kama alilitenda, asirudie. Anaongeza kwamba mara nyingi ni uzushi tu, kwa hiyo usiamini kila unaloambiwa.

Upande wa Serengeti nilimfahamu baba mmoja, mzee wa kigango. Asubuhi moja zizini kwake walionekana ng'ombe watatu wapya. Huku kwetu, ng'ombe watatu wapya bila arusi iliyotangazwa ni habari nzito. Hakuna aliyemuuliza. Ndani ya wiki mbili alikuwa mwizi wa ng'ombe. Ndani ya mwezi alikuwa na mtandao unaovuka mpaka mpaka Kenya. Watu walimpa amani wakati wa Misa kwa ncha za vidole. Jina lake likaondolewa kimyakimya kwenye orodha ya waliopendekezwa kuingia halmashauri ya parokia.

Mwishowe mtu mmoja tu, mwenzake wa rika, alikwenda jioni zizini kwake. Akamwambia, "Mura, watu wanasema ng'ombe hawa ni wa wizi. Mimi sijui. Nimekuja kukuuliza wewe."

Wale ng'ombe walikuwa mahari. Binti yake, aliyekuwa mwimbaji mzuri wa kwaya, alipata mimba na kwenda kuishi na kijana huko Bunda bila ndoa. Wazee wa kijana walileta ng'ombe wa kwanza usiku ili wasionekane. Na huyu baba, mzee wa kigango, aliyesimama mara ngapi mbele ya waamini kusema habari za ndoa takatifu, hakuwa na pa kuweka uso wake. Akaona afadhali aitwe mwizi.

Afadhali aitwe mwizi! Fikiria mtu anapitia hayo peke yake miezi yote ile, akizungukwa na Jumuiya ya kaya nyingi zinazosali pamoja kila wiki. Aliyemuuliza hakuwa amesoma teolojia. Alifanya mambo mawili tu: alikwenda peke yake, na alimletea mwenzake yale maneno yenyewe yaliyokuwa yanazunguka mgongoni mwake.

Huenda mtu akasema mazungumzo makali kama haya yanaua urafiki, na kwamba watakatifu walipendana kwa upole. Waliosema hivyo hawajasoma habari za Mtakatifu Basili na Mtakatifu Gregori wa Nazianzo. Walisoma pamoja Athene katika karne ya 4, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mwaka 372 hivi, Basili akiwa Askofu wa Kaisaria, alikuwa na ugomvi wa mipaka ya jimbo. Ili apate watu wa upande wake, akamfanya rafiki yake Gregori kuwa Askofu wa Sasima, kituo cha vumbi njiani ambako hakuna aliyetaka kwenda. Gregori aliumia, na hakuuficha uchungu wake. Alimwandikia Basili barua zenye maneno ya moto. Basili alipofariki, Gregori ndiye aliyetoa hotuba ndefu ya kumsifu, akaeleza urafiki wao wa Athene kwa machozi. Na katika hotuba ileile ya sifa hakuificha Sasima, aliitaja. Kanisa linawaadhimisha wote wawili siku moja, tarehe 2 Januari. Ugomvi wa mipaka sisi tunaujua. Wanchari na Walyanchoka wamemwaga damu kwa ajili ya mipaka. Nadhani Mtakatifu Gregori angetuelewa.

Karibu zaidi na nyumbani tunaye Mwalimu Nyerere. Alibatizwa Nyegina mwaka 1943. Mwaka 1955, baada ya kuacha kufundisha Pugu kwa sababu ya siasa, alirudi nyumbani, akawa anamfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa shirika la Maryknoll, wamisionari Wamarekani waliofika Musoma mwaka 1946. Mtu anayekufundisha lugha ya mama yake anakupa ufunguo wa nyumba. Urafiki wa Mwalimu na watu wa Maryknoll ulikua hapo. Kisha mwaka 1970, akiwa Rais, alialikwa New York kuhutubia mkutano wa masista wa Maryknoll. Angeweza kushukuru kwa shule na zahanati, akapigiwa makofi na kuondoka. Badala yake aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kuiangusha miundo inayowafanya watu kuwa maskini, litakuwa halina maana kwao. Maneno kama hayo ukiyasema kwa mgeni ni matusi. Aliyasema kwa watu waliokuwa wamekula naye, nao wanayakumbuka mpaka leo kama zawadi.

Sasa tufanyeje? Sitawapa orodha, maana orodha za padre huishia kwenye ubao wa matangazo. Ila nitasema niliyoyaona yakifanya kazi.

Mazungumzo ya moyoni hayafanyiki mlangoni mwa kanisa, watu wamesimama na jua linawaka. Yanahitaji muda, na mara nyingi yanahitaji kazi ya mikono. Nimeona watu wanasema mambo makubwa wakiwa wanapukuchua, wanachunga au wanachambua mboga, kwa sababu macho yana pa kwenda. Ukimkalisha mtu kwenye kiti, ukamkazia macho na kumwambia "haya, fungua moyo," ataufunga kwa kufuli mbili.

Halafu anza na la kwako. Yule mama hakusema "wewe kwa nini unataka kumpeleka mwanao?" Alisema mimi simpeleki. Alijianika yeye kwanza. Anayetaka mwenzake avue joho huku yeye amefunga vifungo vyote si rafiki, ni mpelelezi.

Na ukiambiwa neno chungu, livumilie kidogo kabla hujajibu. Sisi tunaokula kichuri tunajua kwamba uchungu si lazima uwe sumu. Mgeni akionja mara ya kwanza anatema. Mwenyeji anaomba aongezewe. Kwa nini tuwe mabingwa wa uchungu kwenye bakuli na watoto wachanga kwenye mazungumzo?

Akina baba, nina neno na ninyi hapa. Akina mama walau wana WAWATA, kisima na kinu. Sisi wanaume tunakaa kilabuni saa tano mfululizo tukizungumza siasa, mpira na bei ya ng'ombe, na tunaagana bila mtu kusema mkewe amelazwa. Tumefundishwa kwamba mwanamume halii. Sawa, usilie. Lakini Yesu, bustanini Gethsemane, aliwaambia rafiki zake watatu kwamba roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, na akawaomba wakae naye. Kama Mwana wa Mungu alisema hivyo mbele ya wavuvi, na wewe unaweza kumwambia mtu mmoja.

Kuna jambo la siri ambalo lazima niliseme wazi, kwa sababu linawasumbua wengi. Siri ya kitubio haifunguliwi kwa sababu yoyote, hata kwa kuokoa uhai wa padre mwenyewe. Siri ya marafiki ni nzito, lakini si sakramenti. Rafiki yako akikwambia habari za mimba ya binti yake, kaa nayo mpaka kaburini. Akikwambia mtoto atakeketwa Alhamisi, hiyo haikuwa siri yake ya kukupa. Ni uhai wa mtu mwingine. Mwambie usoni kwamba huwezi kunyamaza, uende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au Masanga, au Mugumu, kokote kulikokuwa karibu. Na ukiona kwamba kumwambia kutafanya mtoto afichwe, nenda kwanza, utazungumza naye baadaye. Atakuita msaliti. Vumilia jina hilo.

Mtaniuliza wale wanawake wawili waliishia wapi. Mume wa yule wa kwanza alibisha wiki kadhaa, kisha akakubali. Baadaye alisema na yeye alikuwa anaogopa kaka zake. Kwa yule wa pili haikuwa rahisi. Mume alikataa na mama mkwe alikataa zaidi. Binti alipitisha Desemba yote Masanga, akarudi shule zilipofunguliwa. Mama yake alipita miezi mingi bila kusemeshwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mpaka leo mama mkwe hapokei chakula kutoka mkononi mwake. Katika miezi hiyo rafiki yake alikuwa anakuja kila siku, wakati mwingine na unga, wakati mwingine mikono mitupu, wanakaa jikoni. Wale mabinti wakubwa wamekwishaolewa. Mama zao huwazungumza mara kwa mara, na bado hawajapata ujasiri wa kuwaambia mabinti wenyewe yale waliyoambiana usiku ule wa mvua. Wameniomba niwaombee kwa hilo. Nanyi msaidieni kuomba.

Mwingine ataniuliza: na nikienda kwa rafiki yangu, nikamwambia ukweli kwa upole wote, halafu akakasirika? Anaweza kukasirika. Yule aliyekwenda zizini kuuliza habari za ng'ombe alijibiwa yote, mpaka machozi, na kesho yake mwenye ng'ombe akaona aibu kwamba amesema. Akaacha kumsalimia. Wakawa wanapishana njiani kama watu wa vijiji viwili. Jamaa hakumfuata wala hakumsema kwa watu, na aliposikia uvumi wa wizi alisema tu, "Ng'ombe wale ni halali, nimeuliza," basi, bila kueleza zaidi. Hali ikaenda hivyo karibu miezi miwili. Siku moja jioni mtoto mdogo wa yule baba akaja mbio nyumbani kwake, amebeba kibuyu kitupu. Akasema, "Baba anasema yule ng'ombe mwekundu amezaa, uje na wewe uchukue maziwa, na kibuyu ni hiki."

Akachukua kofia yake, wakaenda.